Aliyetaka Kujua Maji ya Chala Yanakwenda Wapi

Kazini walikuwako wazamiaji wanne, lakini ukisema Mzamiaji, kila mtu alijua ni nani unayemtaja. Wengine walikuwa na majina yao. Yeye alikuwa na kazi yake, nayo ilimtosha. Hata binti yake anayeishi naye Likoni, akinipigia simu, husema "Mzamiaji wako anakuulizia," kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wanaume wawili wazima. Nimeandika "husema" kwa mazoea. Hapigi tena kwa ajili hiyo. Mzamiaji tumemzika, na siku ile mimi, nisiye wa dini yake, nilivua viatu makaburini bila kuambiwa, kisha nikaona watu wote wamevaa vyao. Nilibaki hivyo hivyo. Nilijua angenicheka, na nilitaka pawe na kitu cha kumchekesha.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu tisa na mashua moja. Tulipata kazi pale Kilindini meli zilipohitaji kukwanguliwa magamba tumboni, au mifuko ya plastiki ilipoziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza injini. Mzamiaji huteremka na mpira wa hewa na kamba kiunoni. Juu, ndani ya mashua, yupo mtu anayeishika ile kamba. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa miaka kumi na mmoja. Sijui kuogelea. Nilitoka bara na cheti cha darasa la nane, na nilipomwambia bosi ukweli huo alitaka kunirudisha getini. Mzamiaji ndiye aliyenitetea.

"Huyo ndiye ninayemtaka," alisema. "Anayejua kuogelea atadhani anaweza kunifuata."

Ndani ya maji ya bandarini mtu haoni. Ukishuka mita tatu ni kahawia, ukishuka tano ni giza, na kazi yote inafanywa kwa viganja. Labda ndiyo sababu hakuwaamini watu wanaosema wanadhani. Ukimwambia unadhani mvua itanyesha, unadhani meli imeshaingia, unadhani bosi amekasirika, alikuuliza umeshika wapi. Meli alizitambua kwa kuzipapasa. Mara moja alipanda juu, akavua barakoa, akatuambia kwamba ile meli tumeshaiosha, ina kovu refu upande wa kushoto karibu na rafadha, ile panka kubwa ya nyuma. Bosi akamwonyesha jina lililoandikwa ubavuni, jina geni kabisa. Mzamiaji akasema hakuulizwa jina. Baadaye wakaja kujua kwamba meli ilikuwa imeuzwa na kupakwa rangi upya.

Lakini jambo lililomshika kuliko yote halikuwa meli. Ilikuwa ni maji yenyewe: yanatoka wapi, na yakiondoka yanakwenda wapi. Sijapata kumwona mtu mwingine mwenye njaa ya namna hiyo. Akija kunitembelea Magongo, kabla hajaketi alikuwa ameshaonja maji ya mtungi. Siku moja mwenye mkokoteni alikuwa mlangoni akiteremsha madumu. Mzamiaji akachota kwa kiganja, akayazungusha mdomoni, akatema.

"Haya umeniambia ni ya bomba?"

"Ya bomba, mzee."

"Ni ya kisima. Na kisima chenyewe kimechimbwa karibu na bahari, kimeanza kuonja chumvi. Mwambie mwenyewe asiendelee kuchimba kwenda chini, aende pembeni."

Yule muuza maji akaniangalia mimi kana kwamba ni kosa langu. "Mzee wako anakunywa au anafanya mtihani?" Lakini juma lililofuata alirudi mwenyewe kuuliza pembeni upande gani.

Na mtaro wetu. Kila mvua kubwa ikinyesha, maji huingia kwenye vyumba vya upande wetu wa Magongo na hayaingii upande wa pili, na majirani walikuwa wamegombana kwa miaka juu ya nani ameziba nini. Mzamiaji alikuja na pakiti nne za buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe. Akazimimina zote kwenye mtaro wa juu, kisha akatembea chini ya mwavuli kutafuta buluu itatokea wapi. Haikutokea mahali ambapo kila mtu alikuwa akiapa itatokea. Ilitokea nyuma ya choo cha mtu aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Hakumwambia mtu neno. Alisimama tu pale na mwavuli wake mpaka watu wote wakaja kuona.

Nimetaja mwavuli kwa sababu ni lazima niseme na haya pia. Mzamiaji alichukia kunyeshewa. Mtu aliyeshinda chini ya meli kutwa nzima, tone la mvua likimgusa shingoni alikunja uso kama paka. Kivuko cha Likoni alikivuka kwa miguu tu, hata akiwa na homa. Ukimpa lifti atashuka kabla gari halijapanda, na akiwa ndani ya kivuko husimama karibu na lango la kutokea, mkono mmoja juu ya chuma, hasemi na mtu. Nilimuuliza kwa nini, yeye anayeyajua maji kuliko sisi sote. Akaniambia ndiyo sababu. Sikumcheka.

Sala zake alizitimiza, na alimsumbua ustadhi wao mpaka wakawa marafiki. Alitaka kujua yale maji ya gharika ya Nabii Nuhu yalikwenda wapi. Ustadhi akamweleza kwamba ardhi iliamriwa iyameze maji yake. Mzamiaji akakubali, hakuwa na shaka hata kidogo juu ya amri. Aliloomba kujua ni mlango. Ardhi iliyameza kwa wapi? Mahali penyewe ni pana kiasi gani, na je, pamefungwa au pangali wazi? Ustadhi aliniambia mwenyewe, siku ya maziko, kwamba kwa miaka mingi alisoma usiku ili asubuhi apate cha kumjibu.

Kwa kazi alikuwa mkali. Kamba ina lugha yake fupi, na alinifundisha kwanza nchi kavu, mimi nimefumba macho na yeye amejificha nyuma ya kontena. Mvuto mmoja kutoka chini: niko salama. Miwili: nilegezee. Mitatu: nitoe. Na mtu wa juu akitaka kumtoa mzamiaji, hamkokoti tu kama ndoo. Kwanza anavuta mitatu, anangoja ajibiwe, ndipo anapandisha. Kumpandisha mtu bila kumwarifu hufanywa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwenyewe ameshaomba. Chini hakuna kingine cha kukueleza mambo. Kamba ikisema uongo, mtu hana pa kusimama.

Nilikosea mara moja tu katika miaka ile, nikiangalia simu. Alivuta miwili, sikusikia, akavuta tena, na niliposhtuka alikuwa ameshajipandisha mwenyewe ngazini. Hakunigombeza. Alikula chakula chake, akasali, akaenda zake. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akanitupia kamba tena, na maneno hayo hayakuwahi kutajwa. Nikajifunza kwamba hasira yake ni kimya. Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililonipoteza baadaye.

Sikio lake la kushoto lilipasuka mwanzo, kisha kifua kikaanza kumsumbua, na daktari akamwambia maji basi. Si maji ya kazi tu, maji yote. Kampuni ikampa mkono wa kwaheri na sinia la pilau. Alianza kuja kwangu kila Jumapili, akijua fika kwamba Jumapili niko kanisani hadi adhuhuri, akaketi sebuleni peke yake kuningoja. Hapo ndipo alipokutana na ile kalenda.

Ilikuwa kalenda ya kanisa letu, na mwezi huo ulikuwa na picha ya Ziwa Chala, kule Taveta, lililoko ndani ya shimo la mlima uliowahi kuwaka moto. Nilipoingia nilimkuta amesimama mbele yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Mto unaoingia uko wapi?" akaniuliza, kabla ya salamu.

Nikamwambia shikamoo kwanza. Akaitikia marahaba kwa haraka, mkono ungali juu ya picha. Nikaangalia. Ukuta wa mawe pande zote, na maji ya buluu katikati. Hakuna mto.

"Na unaotoka?"

Hakuna pia.

"Na halijai?"

Sikujua. Akasema, kama anajisemea, kwamba basi hapo chini pana mlango.

Kuanzia siku ile, hata mwezi ulipogeuka, hakuniruhusu nigeuze kalenda. Alimuuliza kila mtu aliyetoka upande wa Taita na Taveta, wapagazi wa nyanya sokoni, askari wa getini, muuguzi aliyempima kifua. Wakamwambia maji huingia kwa chini kutoka Mlima Kilimanjaro, na hutoka kwa chini vilevile, kupitia nyufa za ukuta, yakaja kutokea kama chemchemi huko mabondeni. Wengine wakamwambia ziwa halina mwisho. Hao hakurudi kwao tena.

Hakutaka kuliona tu. Aliniambia wazi, nasi tumeketi barazani kwake: alitaka kushika ufa mmoja. Aweke kiganja mahali maji yanapotoka duniani, ayasikie yakipita. Maisha yake yote, alisema, ameshika vitu vya watu vilivyoingia majini. Hajawahi kushika maji yenyewe yakiwa safarini.

Kwa hiyo kanisa letu lilipopanga matembezi ya Chala, nilimwomba mzee wa kanisa nafasi moja ya mtu wa nje. Nilikwenda Likoni kumwomba binti yake ruhusa. Yeye ni mwalimu wa chekechea, na husema na watu wote polepole na kwa macho makavu, kama anayengoja uache kudanganya.

"Kaka, atakwenda kuangalia tu?"

"Kuangalia tu."

"Niapie."

Sisi hatuapi. Nikamwambia nimeahidi, na mbele ya Mungu ahadi yangu ni moja. Hatagusa maji. Akanishukuru, akanifungia sambusa za njiani.

Tuliondoka Magongo kabla hakujapambazuka, akina mama wa kwaya wamevaa kitenge kimoja cha kijani, na katikati yao Mzamiaji na kanzu yake iliyopigwa pasi na begi la mgongoni. Mama mmoja wa kwaya, mcheshi sana, akamwonya kwamba njia nzima wataomba kwa jina la Yesu. Akamjibu waombe tu, yeye atatia amina yake kwenye yale anayoyaelewa. Walimpenda kabla hatujafika Mariakani. Walimlisha mihogo, naye aliwaambia tangi la maji la kila mji tuliopita linajazwa kutoka wapi. Voi tukaiacha barabara kuu, tukaelekea magharibi, ardhi nyekundu na tembo wawili mbali kama mawe. Karibu na Taveta wingu lilifunguka na mlima ukaonekana, mweupe juu, mkubwa kupita nilivyofikiri. Kila mtu alipiga picha. Yeye aliuangalia kwa muda, akasema: "Hapo ndipo ulipo mtungi."

Ukifika Chala huoni ziwa. Unatembea kwenye majani makavu kama shamba lolote, halafu ardhi inakwisha. Nilirudi nyuma hatua mbili. Chini kabisa, ndani ya ukuta wa mawe na miti, yalikuwepo maji ya rangi ambayo kalenda ilikuwa imeipunguza. Buluu katikati, na kandokando kijani, na wingu likipita inabadilika yote, kama kitu kinachofikiri. Ng'ambo ya pili, walituambia, ni Tanzania. Mzamiaji alivua kofia, akaanza kuuliza njia ya kushukia.

Mama mmoja wa Kitaveta anayeuza ndizi pale juu ndiye huwaongoza wageni wanaoteremka. Njia ni ya mteremko mkali, vumbi na kokoto, na wengi wa kwetu walibaki juu na vyakula vyao. Tulishuka watatu, yule mama mbele, Mzamiaji katikati akipumzika kila mara, mimi nyuma. Nilikuwa nimejiwekea kwamba tutafika, atatazama, atapandishwa. Yule mama alituambia zamani mle ziwani mlikuwa na mamba, na sasa wengine husema wako, wengine husema hawako.

"Wewe umemwona?" Mzamiaji akamuuliza.

"Sijamwona."

"Umeonyeshwa hata unyayo?"

"Baba, humo hatuingii. Kuona au kutoona si hoja."

Maji kwa karibu yalikuwa safi hata nikaogopa. Ukuta wa jiwe jeusi ulishuka ndani, ukaendelea kushuka, na jicho likaufuata mpaka likakosa la kufuata. Mzamiaji alipiga magoti, akayaonja. Hakutema. Kisha akafungua begi, nikaona kamba.

Ilikuwa kamba ya kazi, ile ile ya manjano, imeoshwa na kukunjwa. Chini ya kanzu alikuwa amevaa kaptura. Nilimwambia hapana. Nilimwambia nimeahidi, nikamtaja binti yake, nikamtaja daktari. Alinisikiliza yote huku akijifunga fundo kiunoni. Hakubishana hata kidogo. Alipomaliza alininyooshea ncha ya pili, akasema neno alilokuwa akiniambia kila asubuhi ya kazi.

"Nishikie."

Na mikono yangu ikapokea. Sitasema alinilazimisha. Mzamiaji akisema nishikie, mshika kamba hupokea, nimefanya hivyo maelfu ya mara, lakini mwanamume anayejua ahadi yake angeweza kuiacha kamba ianguke chini. Sikuiacha. Na ukweli mwingine ni huu, kwamba nami nilitaka kujua.

Aliingia polepole, akishika ukuta. Alivuta pumzi mara nne, za kutayarisha kifua, kisha akazama akifuata jiwe, kiganja kimoja juu ya ukuta na kingine juu ya kamba. Nilimwona vizuri, hilo halijawahi kutokea Kilindini. Nilimwona akipapasa jiwe kama kipofu anavyopapasa uso wa mtoto. Akateremka zaidi. Akawa wa kijani, kisha wa buluu. Ulikuja mvuto mmoja: niko salama. Kutoka juu tulisikia kwaya imeanza kuimba. Nilitakiwa kuhesabu, nikaanza kuhesabu, halafu yule mama wa Kitaveta akasema kwa sauti ndogo, "Baba huyu mbona harudi," na hesabu yangu ikapotea.

Alikuwa ameacha kuteremka. Alikuwa ameweka mkono kwenye ukuta mahali pamoja, na mwili wake umetulia hautikisiki. Huenda alikuwa anasikiliza. Huenda alikuwa amekufa. Kwa kawaida ningevuta mitatu, ningengoja. Sikuvuta mitatu. Niliona uso wa binti yake, nikaikokota kamba kwa nguvu zangu zote, mkono juu ya mkono, kama mtu anayetoa ndoo kisimani.

Alitokea akikohoa, macho mekundu. Tulimketisha juu ya jiwe, tukamfunika kanga ya yule mama. Hakuniangalia. Alikuwa akitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichokuwa juu ya kamba. Nilimuuliza kama yu salama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilimuuliza kama ameushika ufa, hakujibu. Kupanda kulituchukua muda mrefu mno. Katika basi walimpa chai ya tangawizi, akaishukuru, akalala au akajifanya kulala hadi Mariakani. Mlangoni kwake binti akaniuliza kama yote yalikwenda salama. Nikasema yalikwenda salama. Kaptura yake ilikuwa imeshakauka.

Hakuja tena Jumapili. Nilijua kile kimya, au nilidhani nakijua. Amenikasirikia, nikajiambia, na ana haki: nimemtoa mlangoni kwenyewe. Nilipiga simu, binti akasema baba hajisikii kuongea siku hizi, hatoki peke yake, hata msikitini hupelekwa. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, lakini kuomba radhi kungefumbua kila kitu kwa binti, na hilo nililiogopa kuliko hasira yake. Nikangoja siku ya nne ije, kama zamani. Ilipita miezi mitano.

Kisha binti akapiga, akasema neno lake lile, Mzamiaji wako anakuulizia, lakini safari hii sauti ilikuwa nyingine. Nilivuka kivuko siku hiyo hiyo.

Alikuwa kitandani, amepungua sana, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya pumzi yake. Binti alinionyesha kiti, akaenda jikoni. Tulisalimiana. Aliniuliza hali ya mtaro. Nikamwambia unatiririka. Akafumba macho kwa muda, nikafikiri ameshikwa na usingizi.

"Nataka kukuuliza jambo," akasema. "Usinihurumie."

"Niulize, mzee."

"Siku ile. Nilivuta mara ngapi?"

"Mara moja. Ulipokuwa unashuka."

"Baada ya hapo."

"Baada ya hapo hukuvuta."

Alifumbua macho. "Nilivuta mitatu. Ndiyo sababu ulinipandisha."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuwa na pa kuweka uso wangu. Miezi mitano alikuwa akiutazama mkono wake. Alikuwa chini, ametulia, na ghafla kamba ikamwinua bila kumwarifu. Kwa sheria aliyonifundisha mwenyewe, maana ya jambo hilo ni moja tu. Hakukumbuka kuvuta, kwa hiyo aliamini kwamba mkono umevuta bila yeye, kwamba uoga umemwingia mpaka kwenye vidole naye hana habari. Mimi nilidhani ni hasira. Sikushika popote, nilidhani tu.

"Hukuvuta," nikamwambia. "Ni mimi. Niliogopa. Sikutoa mitatu, sikungoja. Nilikukokota tu."

"Wewe."

"Mimi."

"Hukuhesabu?"

"Nilipoteza hesabu."

"Wallahi?"

"Sisi hatuapi, mzee. Lakini ni kweli."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Badala yake kifua chake kikaanza kutikisika, nikasimama nikidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alinivuta shati nikae. Aliniita mpumbavu, mara mbili, kwa upole mkubwa, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni na kuita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miezi.

"Abee, baba." Binti akaja na kitambaa mkononi.

"Njoo usikie. Ni huyu aliyevuta. Kule ziwani, nilipokuwa chini. Si mimi, ni huyu."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesahau kabisa kwamba binti hajui. Nikainuka, kwa sababu maneno yale sikutaka kuyasema nikiwa nimekaa.

"Baba aliingia majini?" akaniuliza mimi, si yeye.

"Aliingia. Nilikuahidi asiyaguse, na nikamshikia kamba. Na uliponiuliza mlangoni, nilikuficha."

Nilikuwa na sababu, lakini hazikuwa nzuri. Alisimama pale akikikunja kile kitambaa, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama bahasha. Nilikuwa tayari kuambiwa nitoke, na nisirudi, wala nisije hata siku ile ambayo sote watatu tuliiona inakuja. Alimtazama baba yake, ambaye uso wake ulikuwa na rangi tena. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Miaka yote ya kazi ile, aliniambia baadaye, baba yake alikuwa akirudi nyumbani na kuoga na kuuliza habari za shule. Hakuwahi kumsimulia lolote la chini.

"Kulikuwaje?" akamuuliza.

Mzamiaji aliuweka mkono wake wima hewani, kiganja kimemwelekea binti, kama ukuta.

"Kwanza," akasema, "jiwe lenyewe si baridi. Wewe utafikiri ni baridi. Lakini ukifika hapa," na kwa mkono wa pili akaonyesha, chini ya kifundo, "hapa kuna nafasi, kiasi cha kucha. Nikaweka kidole. Sikiliza vizuri, maana sina hakika, nami sitaki useme nina hakika."

Nilikwenda jikoni kuangalia chai iliyokuwa imeachwa motoni, nikaipunguzia moto. Niliwasikia kutoka huko. Yeye alikuwa akieleza, na binti, kwa ile sauti yake ya polepole, alikuwa akimuuliza upande gani, na maji yalikuwa yakimvuta kidole au yakimsukuma.